Mti Usiopita Paa la Kibanda

Jumamosi ya pili ya Novemba ni siku ya kazi ya pamoja katika chama cha bustani, ambako kila mwanachama hukodi kipande chake. Kazi huanza saa tatu asubuhi, na ikifika saa nne na robo kila mwenye akili ameshakaa benchini. Benchi lenyewe liko pale njia za bustani zinapokutana, nyuma ya reli ya mizigo, jijini Bremen, Ujerumani, na wenyeji wake hawabadiliki. Mzee Onken, aliyekagua tiketi za tramu mpaka akastaafu, huitwa Kamishna. Tjark, aliyeendesha kreni bandarini miaka thelathini, huitwa Injinia. Bi Heinke huitwa Mama Jemu, kwa kuwa hakuna jirani asiye na chupa yake ya jemu kabatini, na wapo ambao mpaka leo hawajaifungua. Siku hiyo walikuwa na mtu wa nne, Wiebke, mama wa watoto watatu, mwenye kipande kidogo kuliko vyote. Alikaa kwa sababu miguu ilimuuma, si kwa sababu alitaka ushauri. Ushauri aliupata hata hivyo.

— Hebu isome tena hiyo barua ya chama, alisema Kamishna, akimmiminia kahawa.

— Nimeshaisoma mara nne, mzee. Theluthi ya bustani iwe chakula, na kuwe na mti wa matunda walau mmoja. Mimi nina nyasi, bembea na sanduku la mchanga. Kamati inakuja kukagua Jumamosi ijayo.

— Wasipokuta kitu?

— Anapewa mwingine. Kwenye orodha wanangoja watu mia moja na arobaini.

Wote walijua anakaa ghorofa ya nne, na kwamba jirani wa chini alikuwa ameshaanza kugonga dari kwa ufagio kila watoto waliporuka. Bustani hii ndiyo ilikuwa amani ya jengo zima.

— Usihofu, alisema Mama Jemu. Mboga hazipandwi Novemba, lakini miti na vichaka ndiyo wakati wake. Tela la miche liko getini mpaka saa sita. Nenda kachukue beri nyekundu, zile za vishada. Vichaka vitatu, umemaliza.

— Wanangu wanapenda beri za bluu.

— Za bluu zinataka udongo mchachu, alidakia Injinia. Hapa huna. Utazipanda kwenye pipa na udongo wa kununua, uzimwagilie maji ya mvua tu. Una nafasi hiyo?

— Sina nafasi ya kuchana nywele, kaka Tjark.

— Basi nyekundu. Hata ukizisahau zinazaa.

— Haya, beri nyekundu nimekubali. Tatizo ni mti.

Hapo wote watatu walisogeza vikombe, maana ndiyo mada waliyokuwa wanaisubiri. Kuhusu urefu wa miti sheria ya chama ni moja tu na ni fupi: mti usipite paa la kibanda. Aliyekuwa na kipande hicho kabla ya Wiebke aliondolewa kwa ajili ya mcheri alionunua akiambiwa ni mfupi. Ulipomfikisha mbele ya kamati, kunguru walikuwa wameshajenga juu yake.

— Ninachotaka kujua ni kimoja, alisema Wiebke. Mtufaha gani unabaki mfupi? Sina muda wa kupanda ngazi na msumeno kila Februari. Ukipita paa, nimerudi kulekule kwenye barua.

— Nunua mfupi, alisema Kamishna.

— Wa kwako si ulinunua mfupi?

Kamishna aliangalia upande wa kibanda chake. Mtufaha wake ulikuwa umelifunika paa lote na sasa ulikuwa unachungulia bustani ya jirani; wazee wa benchi kamati huwafumbia macho.

— Ule ni maji, alisema. Mto uko karibu. Mti ukinywa bila kipimo unarefuka. Ni kama mtu na bia, ila yeye anapanuka.

— Maji gani, alisema Injinia. Ni treni. Treni ya mizigo ikipita ardhi inatikisika, udongo unalegea, mizizi inapata njia. Mizizi ikishuka, matawi yanapanda. Hiyo ni hesabu. Peasi yangu niliipanda ikiwa inanifika hapa kifuani, leo naiangalia na shingo inauma.

— Treni haipiti kwangu, na wa kwangu umerefuka vilevile, alisema Mama Jemu. Mti una wivu. Ukiupanda karibu na mrefu, nao unataka. Wa kwangu umeona wa Kamishna.

— Kwa hiyo kosa ni langu?

— Sijasema kosa. Nimesema umeona.

— Na wa kwangu umeona nini, Heinke?

— Umeona mawingu, Onken. Wewe hukuwahi kuukataza.

Wiebke alitazama saa. Ilikuwa tano kasoro kumi.

— Ninyi wote mlipanda aina ileile?

— Tofauti, alisema Injinia. Mimi peasi, Heinke plamu, yeye tufaha. Yote mifupi, yote kutoka kwa watu tofauti. Na yote imetoroka. Ndiyo maana mimi nasema wauza miche wanajua. Wanakuuzia mfupi, unakua mrefu, mwakani unarudi kwao kununua msumeno.

— Na miaka miwili baadaye ngazi, alisema Kamishna.

— Na mwisho bandeji, alisema Mama Jemu.

Wakacheka, hata Wiebke, ingawa yeye alicheka huku anawaza kwamba maelezo manne yameshatolewa na bado hana mti. Aliuliza kuhusu ile mitufaha inayoota kama nguzo, isiyo na matawi ya pembeni. Injinia akasema hiyo ni nzuri lakini mwaka mmoja inazaa, mwaka wa pili inapumzika. Kamishna akasema basi ni sawa na mfanyakazi wa chama. Mama Jemu akasema mtufaha mmoja peke yake hauzai, unataka mwenzake wa kupeana chavua. Kamishna akajibu kwamba wenzake wako hapa mia mbili, na nyuki hawaulizi namba ya kipande.

— Sikiliza, binti, alisema Kamishna hatimaye, kwa sauti aliyokuwa akiwaambia nayo watu wasio na tiketi. Chukua mtufaha mfupi wa kubebeshwa, wa kawaida. Halafu uupande chini sana. Hapo ndipo watu wanapokosea. Upepo wa huku unatoka baharini, haubembelezi. Shimo liwe la kukufika magotini, ufukie mpaka pale panapoanza matawi.

— Hilo kweli, alisema Injinia.

— Na kila vuli uongezee mboji shinani, alisema Mama Jemu. Mimi huweka toroli mbili.

Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi hiyo watatu hao kukubaliana. Wiebke akaona pengine hapo pana ukweli. Magotini, akajiambia. Mpaka kwenye matawi. Akaanza kufikiri ni nani wa kumuazima koleo refu.

Wakati huo akaja mwanamke kutoka getini, na mche begani kama unavyobebwa mwavuli. Mizizi ilikuwa imeviringishwa kwenye gunia bichi. Alikuwa Ayten, muuguzi, aliyepewa kipande namba kumi na mbili wiki mbili zilizopita. Kikombe alikuja nacho mwenyewe.

— Kahawa ipo?

— Ya mwisho, alisema Kamishna, akaimimina. Karibu. Umenunua nini?

— Mtufaha mfupi. Ila kuna kitu kinanichanganya kwenye hiki kikaratasi.

Alivaa miwani akakishika kile kikaratasi kilichofungwa kwa uzi kwenye shina. Mama Jemu baadaye aliapa kwamba katika miaka yake yote hapo hakuwahi kuona mtu akisoma kikaratasi cha mche. Huwa kinakatwa kwa sababu kinapepea.

— Wameandika hivi, alisema Ayten. Shina la chini ni la mti mdogo, ndilo linaloufanya mti ubaki mfupi. Juu yake wamebebesha kitawi cha mtufaha mwingine. Pale vilipounganishwa pana kifundo, hiki hapa. Kikae juu ya udongo, upana wa kiganja. Ukikifukia, sehemu ya juu inaota mizizi yake yenyewe, na mti unakuwa mrefu kama mrefu mwingine wowote.

Treni ya mizigo ilipita, mabehewa mengi, na Injinia hakuitaja.

Ayten akavua miwani.

— Sasa nyie wa kwenu mmefanyaje? Kifundo kiko wapi?

Kamishna alitazama kahawa yake. Injinia aliangalia viatu. Mama Jemu alianza kukusanya makombo ya keki ya siagi kutoka kwenye sketi yake, moja moja, kwa uangalifu ambao hajawahi kuutumia kwa makombo.

— Nauliza tu, alisema Ayten. Ili nione mfano.

Wiebke alikuwa ameshasimama. Aliacha kikombe chake benchini, akatembea haraka mpaka kwenye tela, akachagua mtufaha mfupi wenye kifundo kinachoonekana vizuri, na vichaka vitatu vya beri nyekundu. Muuza miche alitaka kumweleza habari za upepo wa kule. Alimwambia ampe kigingi na kamba, upepo ataushughulikia hivyo.

Kabla ya saa sita alikuwa anachimba penye ukingo wa nyasi, bembea pembeni. Shimo halikuwa la magotini. Alitandaza mizizi, akaurudisha udongo, akaukanyaga, akaufunga mti kwenye kigingi. Kisha akapiga goti na kuweka kiganja kati ya udongo na kifundo. Kikaingia, na nafasi kidogo ikabaki. Akaacha hivyohivyo. Akasogea kwenye vichaka.

Alipokuwa kwenye kichaka cha tatu alisikia koleo upande wa pili wa ua, kwa Kamishna, chini ya ule mtufaha mkubwa. Lilichimba mara tatu nne, likatulia, likachimba tena, polepole, kama mtu asiyetaka kusikika. Halafu sauti ikapita katikati ya majani.

— Wiebke. Hicho kifundo kinafananaje?

— Kama goti, mzee.

Koleo likachimba tena mara mbili.

— Nimeshafika kwenye mboji ya mwaka elfu mbili na tisa.

— Endelea kuchimba.