Alama Iliyongoja Jibu la Kaka: Maisha ya Dativa Nazari Ligonja, 1989–2025

Baba Paroko, ndugu wa pande zote mbili, majirani wa Mlabani, na ninyi mnaotusikiliza kupitia simu ya Clinton: kamati ya mazishi imenipa mimi, Tadei, kaka wa marehemu, kazi ya kusoma habari za maisha yake. Niliwaambia kuna sehemu siielewi vizuri. Wakasema nisome hivyo hivyo.

Dativa alizaliwa tarehe 14 Machi 1989 katika kijiji cha Masagati, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu mzee Nazari Ligonja na mama Marsiana. Mvua za masika zilikuwa zimekata njia, kwa hiyo mkunga alifika siku ya pili na kukuta mtoto ameshanyonya na kulala. Mwaka 1993 familia ilihamia Mlimba, ambako baba alipata shamba la mpunga.

Alisoma shule ya msingi Mlimba kuanzia mwaka 1996 hadi 2002. Mnaoijua Mlimba mnajua msimu wa mavuno unavyokuwa mashineni: magunia yamepangwa mpaka barabarani, na kila mwenye mpunga anaweka alama yake ili mchele wake usije ukachanganyika na wa mwenzake. Wengi huandika herufi mbili kwa mkaa, basi. Dativa akiwa darasa la nne alianza kuwachorea watu alama za kweli: jembe, samaki, kofia. Siku moja bibi mmoja jirani yetu, bibi Rabia, alikuja na debe moja tu. Vijana wa mashine wakamcheka kwamba debe nalo linataka alama. Dativa akakaa chini akamchorea jogoo mzima, mpaka manyoya ya mkia. Baba alipomuuliza kwa nini anapoteza muda, alijibu, "Baba, na yeye si ana mpunga?"

Aliendelea na sekondari hapa Ifakara, mwaka 2003 hadi 2006, kisha akasomea uchoraji Morogoro na kupata cheti mwaka 2008. Mwaka uliofuata alifungua kibanda cha mabango hapa Mlabani. Saluni, maduka ya dawa, mashine za kusaga, msikiti na kanisa, wote aliwachorea. Kazi hiyo naielewa, na ukitoka hapa ukatazama barabarani utaiona.

Sasa tunafika kwenye kazi ya pili, na hapa ndipo ninapopotea. Kuanzia mwaka 2016 marehemu alifanya kazi na watu wanaotengeneza programu ya simu iitwayo Bondeni, inayowaambia watu mvua inakuja lini na mto umefika wapi. Kamati ilitaka jina la mwajiri, maana mwajiri huitwa kuweka shada baada ya ndugu. Nikamwendea Clinton, fundi kompyuta ambaye kibanda chake kimepakana na cha marehemu, na ndiye aliyemwingiza huko.

"Mwajiri hakuna, kaka Tadei," akasema. "Hii ni programu huria. Haina mwenyewe. Yeyote anaruhusiwa kuifungua, kuona ilivyotengenezwa ndani, kuirekebisha na kumpa mwingine bure."

"Sasa bosi wake nani?"

"Hakuna bosi."

"Na hao watu wako wapi?"

"Wengine hapa hapa, wengine Mwanza, Brazili, India. Wengi hatujawahi kuonana."

Nilimwambia anifafanulie tena, akanifafanulia tena, na nikatoka vile vile nilivyoingia. Nilichoshika ni hiki. Dativa ndiye aliyekuwa msimamizi wa sura ya programu hiyo: alama yake, rangi zake, maandishi yake. Alichagua rangi ambazo hata mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani ataziona. Alijaribu alama kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, kisha akaipiga muhuri mweusi kwenye karatasi kuona kama bado inasomeka. Ndiye pia aliyeandika kanuni za kukaa pamoja. Anayeuliza hachekwi. Mgeni husalimiwa kwanza, kukosolewa baadaye. Na aliyenyamaza anangojwa. Hiyo ya mwisho naomba muikumbuke, kwa sababu ndiyo iliyonikamata.

Tarehe 22 Septemba 2018 alifunga ndoa takatifu na Masalu Shilinde, mwana wa wafugaji waliohamia bonde hili kutoka Shinyanga. Mimi sikuhudhuria. Kwenye kijitabu kamati iliandika kwamba ndugu wote walishiriki, na nimeifuta sentensi hiyo mwenyewe kwa kalamu. Mwaka 2014 ng'ombe waliingia shambani kwangu mpunga ukiwa unakaribia kuvunwa, wakamaliza eka mbili asubuhi moja. Hawakuwa ng'ombe wa Masalu wala wa baba yake. Lakini hasira haiulizi ng'ombe ni wa nani. Mdogo wangu alipoolewa na mfugaji, niliona kama amehamia upande wa pili wa shamba. Walijaliwa mtoto mmoja, Theresia Nyamizi, aliyepewa jina la bibi yake mzaa baba, mwaka 2020.

Alama ya zamani ya Bondeni ilikuwa suke la mpunga peke yake. Mama mkwe wake, mama Nyamizi, alipoiona alisema, "Hii ni ya wakulima. Sisi hatumo." Dativa akaanza kuchora upya. Alichora kwa miaka, akifuta na kurudia, mpaka akafika kwenye mchoro mmoja: suke la mpunga limesimama katikati ya pembe mbili za ng'ombe, na chini yake mistari miwili ya maji. Agosti mwaka jana aliutuma kwa watu arobaini na moja na kuwauliza swali moja, "Wewe unajiona wapi hapa?" Mama yetu alisema anajiona kwenye maji. Mama Nyamizi alisema hapo sasa wamo. Mtu wa Brazili alisema anaona mto wa kwao.

Na mimi aliniuliza. Sikumjibu.

Mwezi huo huo aligundulika ana saratani ya titi. Alitibiwa hapa Ifakara na baadaye Dar es Salaam, na Masalu hakumwacha hata wiki moja. Nilipokwenda kumwona mwezi Aprili, tulizungumza habari za mvua na za mama. Kisha akaniuliza, "Kaka, ile picha umeiangalia?" Nikasema nitaiangalia. Nilikuwa nimeiangalia siku ile ile aliyoituma. Hakuuliza tena. Alifariki dunia nyumbani kwake Mlabani tarehe 10 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, mume wake na mama yetu wakiwa naye.

Juzi Clinton alinionyesha kwenye kompyuta mahali watu walipojibu. Kuna majina arobaini yenye majibu, na jina moja lisilo na kitu: Tadei Nazari, Mlimba. Pembeni Dativa ameandika, "Bado anangojwa." Mwezi Machi mtu mmoja alishauri waendelee bila mimi. Marehemu alimjibu, "Kaka yangu si mtu wa kuropoka. Akinyamaza ana sababu. Tumngoje." Watu ambao sijui hata nyuso zao wamekaa miezi kumi wakimsubiri mkulima wa Mlimba ajibu meseji. Jambo hili nimelizungusha kichwani usiku na mchana na sijui nilicheke au nililie.

Clinton aliniambia alama haipitishwi mpaka wote arobaini na moja wajione; nikijibu kwamba ninajiona, itapita, na leo ingekuwa kwenye jalada la kijitabu mlichoshika. Mama akasema, "Sema unajiona, mwanangu, yaishe. Mtu amekufa." Jana asubuhi tukakaa kibandani, mama, Masalu, Clinton na mimi. Nilikusudia kabisa kusema ninajiona. Clinton akaweka vidole tayari kuandika, na kilichotoka mdomoni ni hiki: "Naona ng'ombe kwenye mpunga wangu. Mimi mwenyewe sijioni."

Clinton aliniuliza kama aandike hivyo. Nikasema aandike. Mama alinyanyuka akatoka, na tangu hapo hatujasalimiana vizuri. Masalu akasema, "Shemeji, hilo ulipaswa kumwambia yeye." Ni kweli. Nilikuwa na miezi kumi ya kumwambia, na najuta, najuta sana.

Kabla ya saa sita majibu yalianza kuingia, Clinton akawa ananisomea. Nilitegemea kutukanwa. Walinishukuru. Waliandika kwamba alama haipiti, na kwamba watakaa tena waichore wakiwa na mimi. Nikawaambia mimi sijui kuchora hata kuku. Wakasema hilo si tatizo. Kwa hiyo jalada lenu ni jeupe, na ni mimi niliyesababisha. Sijui kama nimemheshimu mdogo wangu au nimemharibia kazi yake ya mwisho. Nimemuuliza Masalu, naye anasema hajui.

Marehemu ameacha mama yake, Marsiana. Mume wake, Masalu Shilinde, ambaye hadi wiki hii nilikuwa namwita "yule bwana", na leo mbele yenu namwita shemeji. Binti yake, Theresia Nyamizi, mwenye miaka mitano. Mama mkwe wake, mama Nyamizi. Na kaka mmoja. Ameacha pia watu wa Bondeni, ambao kamati ilikosa pa kuwaweka. Mashada yatakapoitwa, waitwe pamoja na ndugu. Clinton ataweka shada kwa niaba yao.

Bwana ampe pumziko la milele na amani isiyokatika. Dativa, nimechelewa, lakini nimejibu. Usiningoje tena, mdogo wangu. Lala.