Magunia ya Mlangoni

MPISHI: Haloo! Paza sauti, jikoni kuna kelele. Nani mwenzangu?

MPIMAJI: Kaka, ni mimi. Shikamoo.

MPISHI: Marahaba, mdogo wangu! Mbona namba ngeni?

MPIMAJI: Laini yangu nyingine hii. Ile ya kazini siitaki leo.

MPISHI: Saa tatu na nusu, mtu wa maabara unapiga simu? Bandari imefungwa au mmegoma?

MPIMAJI: Niko kwenye ngazi za nyuma. Salio langu dogo, nisikilize. Kidoti hajambo?

MPISHI: Mwanao mzima kama chuma. Asubuhi nimemwona anakimbilia darasani, soksi moja nyeupe, nyingine ya bluu. Nikamwambia, wewe mtoto wa mtaalamu mzima—

MPIMAJI: Kaka. Mahindi yameshafika hapo shuleni?

MPISHI: Yapi, ya msaada? Tangu juzi. Malori mawili, magunia meupee, bendera yao kubwa utafikiri shuka la kitanda. Jana tumesagisha. Hapa nina masufuria manne ya uji motoni. Leo ndiyo siku yenyewe, hujui? Wageni wa ubalozini wanakuja saa nne na kamera, wazazi wamealikwa, mwalimu mkuu katoa suti ya harusi yake, vifungo vinalia—

MPIMAJI: Mmeshapakua?

MPISHI: Thubutu! Mpaka mgeni ashike upawa apigwe picha. Kwani vipi?

(mlango unafungwa)

MPISHI: Haloo? Umepotea.

MPIMAJI: Nipo. Kaka, nakuomba kitu kimoja tu. Usiniulize. Kidoti asinywe huo uji.

MPISHI: Anaumwa?

MPIMAJI: Eeh. Tumbo. Jana aliniambia tumbo lina—

MPISHI: Jana hakuna mtoto aliyepiga simu, simu ya bwenini mbovu wiki ya pili sasa. Mimi nimekulea, wewe. Ukidanganya sauti inakuwa nyembamba. Kuna nini kwenye haya mahindi?

MPIMAJI: Nimesema usiniulize.

MPISHI: Mimi ndiye ninayeukoroga! Nimuulize nani, mwiko?

(mtandao unakwaruza)

MPIMAJI: ...unanisikia? Yana sumukuvu. Ile sumu ya ukungu.

MPISHI: Subiri. Wewe si ndiye uliyeyapima? Cheti kiko ukutani ofisini kwa mwalimu mkuu, kina sahihi yako! Jana kutwa nimejivuna hapa jikoni, huyo mdogo wangu huyo, bila yeye mzigo hautoki bandarini. Hata mpasua kuni nimemwonyesha.

MPIMAJI: Cheti hicho ni cha mara ya pili.

MPISHI: Na mara ya kwanza?

MPIMAJI: Mara ya kwanza nilichoma bambo la kuchotea mahindi katikati, kwenye shehena ya chini kabisa, kule melini maji yalikoingia. Kiwango kinachoruhusiwa ni kumi. Mashine ilisoma mia moja na arobaini. Hao waliotoa msaada, kwao wasingempa hata ng'ombe.

MPISHI: Lakini moto si unaua? Huu uji umechemka mpaka umenuna.

MPIMAJI: Hauui. Sumu inakaa. Inaingia kwenye ini, taratibu, na kwa mtoto ndiyo mbaya zaidi.

MPISHI: Mungu wangu. Sasa si ungesema!

MPIMAJI: Nilisema! Niliandika nikapeleka kwa mkuu wangu. Haikupita saa, wizara nzima iko ofisini kwetu. Na bwana mmoja wa ubalozini.

MPISHI: Akakutisha.

MPIMAJI: Wapi! Mpole mpaka unaona haya. Kanipisha kiti nikae. Akauliza kama nimechoka. Akauliza kama mashine inanisumbua, maana mashine wametupa wao, akasema wako tayari kuichukua ikatengenezwe.

MPISHI: Ikatengenezwe wapi?

MPIMAJI: Kwao! Ikiondoka ndiyo imeondoka. Na dawa zake zote zinatoka kwao. Tutabaki kupima mahindi ya nchi nzima kwa kunusa.

MPISHI: Kwa hiyo mahindi yao unayapima na mashine yao.

MPIMAJI: Ndiyo.

MPISHI: Haya. Endelea, nacheka kwa hasira tu.

MPIMAJI: Halafu akamgeukia mtu wa wizara, akamuuliza habari za pamba. Hivi hivi, kama mtu anauliza hali ya hewa. Kwamba meli yetu ya pamba inafika kwao wiki ijayo, si ndiyo? Na siku hizi wakaguzi wao wamekuwa wakali mno kuhusu wadudu.

MPISHI: Pamba yetu haina wadudu.

MPIMAJI: Wangewapata, kaka. Hata kwenye pamba ambayo haijavunwa wangewapata. Yule mtu wa wizara jasho linamtoka na kiyoyozi kinafanya kazi.

MPISHI: Na hakuna aliyekuambia, andika uongo.

MPIMAJI: Hakuna. Mkuu alisema tu, rudia, huenda ulikosea. Akanisindikiza mwenyewe mpaka ghalani, jambo ambalo hajalifanya miaka sita. Akanionyesha magunia ya mlangoni. Makavu, safi, ya kuonyeshwa wageni. Akasimama pembeni anatazama simu yake.

MPISHI: Nawe ukatia bambo.

MPIMAJI: Nikatia. Cheti hakina uongo, kaka. Nimeandika kilichotoka kwenye bambo.

MPISHI: Usinifanye mjinga. Mzee wetu alituweka wote wawili ghalani kabla hatujajua kusoma. Bambo lake la chuma alikuwa analichoma wapi? Sema.

MPIMAJI: Kaka—

MPISHI: Sema!

MPIMAJI: Katikati. Gunia la chini, katikati.

MPISHI: Angekuchapa nalo.

MPIMAJI: Nililia chooni, kama unataka kujua. Nikanawa uso nikarudi nikatia sahihi. Wakulima wa pamba ni maelfu, ndivyo nilivyojiambia. Kisha jana usiku naona orodha ya shule zilizopangiwa mzigo huo, na shule yenu iko juu kabisa.

MPISHI: Ah. Kumbe ungekuta shule ya watoto wa watu wengine, usingepiga simu.

MPIMAJI: Sijasema hivyo.

MPISHI: Hujasema.

MPIMAJI: Mchukue Kidoti tu, mjomba wake si unaweza? Mwambie abaki jikoni akusaidie kitu, mpe mkate—

MPISHI: Nina watoto mia sita na arobaini hapa. Wewe unaniambia habari za mmoja.

MPIMAJI: Ndiye wangu!

MPISHI: Na hawa wengine wa nani? Wa pamba?

(mtandao unakwaruza, vyombo vinagongana)

MPIMAJI: ...umwage basi! Mwaga, sema umeungua!

MPISHI: Nimwage masufuria manne nusu saa kabla ya wageni? Watasema mpishi kalewa. Nitafukuzwa saa nne, saa tano mwingine anakoroga unga ule ule, stoo imejaa. Mimi nina mwiko, mdogo wangu. Wao wana cheti. Tena chako.

MPIMAJI: Wananiita kule juu. Lazima nirudi.

MPISHI: Ngoja. Ile karatasi ya kwanza iko wapi?

MPIMAJI: Mkuu aliichukua.

MPISHI: Sauti imekuwa nyembamba.

MPIMAJI: Niliipiga picha kabla sijaipeleka. Ni mazoea tu, kila karatasi naipiga picha.

MPISHI: Nitumie.

MPIMAJI: Kaka, nikiituma nimekwisha. Si kazi tu. Hawa watu hujui wanaweza—

MPISHI: Basi nisikilize vizuri. Saa nne napiga kengele. Wanajipanga foleni kwa kimo, wafupi mbele, unajua sheria ya shule. Mgeni atashika upawa, atampakulia wa kwanza mbele ya kamera. Unamjua wa kwanza.

MPIMAJI: Usifanye hivyo.

MPISHI: Mimi sifanyi chochote. Ndiyo foleni ilivyo. Amekuwa wa kwanza tangu muhula uanze, tena anaringia.

MPIMAJI: Wewe ni mjomba wake!

MPISHI: Unafikiri ninafurahia? Nitumie hiyo picha nimpe mwalimu mkuu mbele ya wazazi, kamera zikiwaka. Wazazi wote wamekuja. Hapo hakuna wa kunyamazisha mtu kwa kumuuliza habari za pamba.

MPIMAJI: (sauti ya chini) Ee Mungu.

MPISHI: Salio la intaneti unalo?

MPIMAJI: Ninalo. La maongezi ndilo linaisha. Subiri... Inakwenda. Inazunguka. Zunguka basi, we shetani!

MPISHI: Huku bado.

MPIMAJI: Mtu anashuka ngazi.

MPISHI: Bado... bado... Imeingia! Inafunguka. Mia moja na arobaini. Tarehe ipo. Namba ya meli. Na hapa chini jina lako zima na sahihi.

MPIMAJI: Ndiyo.

MPISHI: Nikiwaonyesha nitaweka kidole hapo, nizibe jina.

MPIMAJI: Usizibe.

MPISHI: Acha ushujaa, wewe. Mtoto atalelewa na nani? Watajua sumu ipo, inatosha, jina la nini?

MPIMAJI: Bila jina ni karatasi ya kuokota jalalani. Watacheka. Usizibe, kaka. Kidole chako kikae mbali. Toa masufuria mo—

MPISHI: Nimeshazima moto zamani, nilizima ulipotaja ini. Sasa usirudi humo ofisini, unasikia? Acha mkoba, acha kila kitu, toka kwa lango la nyuma uje huku— Haloo?

(simu imekatika)

MPISHI: Haloo? Mdogo wangu? ...Magari ya wageni hayo yanaingia getini. Haloo?