Mama Chupa Anapumzika, Chupa Yake Bado ya Manjano

Kabla sijasema lolote, naungama: leo asubuhi nimeificha chupa moja nyuma ya pazia la maabara, na sijamwambia mtu ila ninyi mnaosoma jarida hili.

Chupa ni ya Mama Chupa, fundi wa maabara yetu, anayestaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Wageni wakisikia jina hilo hudhani ni mlevi. Hata soda hanywi. Alianza kwa kuosha vyombo vya kioo, kama ninavyofanya mimi niliyemaliza shule juzi tu, kisha akafunzwa kuotesha mwani wa kijani, ule mdogo unaofanya kuta za tangi la maji ziteleze. Wanafunzi waliopita mikononi mwake ni wengi mno. Wote huwaita "mwanangu", maana majina yalishamchosha.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuulisha mwani asidi amino, yale matofali ya protini, aone kama utapata humo naitrojeni. Ukiikosa, hupauka ukawa wa manjano. Shida ni kwamba asidi amino nyingi haziupenyi mwili wake kwa urahisi. Basi mwani wa aina fulani hutoa kimeng'enya nje, kikakata amonia yenye naitrojeni kutoka kwenye asidi hizo, nao ukaimeza hiyo na kuacha mabaki palepale. Mama Chupa alinieleza hivi: "Mwanangu, huyu ni mgeni mwenye haya. Haingii na sinia zima. Anamega mlangoni, anatosheka."

Mwani uliomshinda ni ule alioukwangua mwenyewe kwenye tangi la nyuma ya jengo. Kila chupa, manjano. Kwa ajili yake ameahirisha kustaafu mara mbili. Magoti yamevimba, hupanda ngazi akishika ukuta, na akifika juu huketi kwanza, mkoba ungali begani. Mumewe alikuja mwaka jana akatuuliza kama tuna mpango wowote wa kumrudisha. Tulicheka. Yeye hakucheka.

Juzi aliitazama chupa ya mwisho, akasema, "Basi, imetosha," akavua koti jeupe akalikunja. Sijawahi kumwona amechoka vile.

Leo asubuhi chupa hiyo imeanza kuwa ya kijani.

Huenda mwani umeweza kumega. Huenda bakteria wameingia wakaumegea. Lazima nirudie kwa chupa safi. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mara moja ni bahati. Lakini akiiona hii, koti litakunjuliwa, na ngazi zile zitapandwa tena.

Tunamshukuru kwa uvumilivu wake na kwa kila chupa aliyoikeshea. Tunamtakia usingizi mrefu, viatu vipana, na nyumba isiyo na ghorofa.

Jarida hili halisomi, hulitandika chini ya chupa zinazokauka. Magoti yakipoa, nitampelekea jibu nyumbani mimi mwenyewe, liwe lolote. Hadi siku hiyo, tafadhali sana, msimwambie.