Mzee Baridi na Vichupa Sita vya Dirishani

Tarehe 30 Juni, fundi wa chumba chetu cha kugandishia, tuliyezoea kumwita Mzee Baridi, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini.

Kazi yake ni kuhifadhi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ukiwa hai, ndani ya baridi kali. Huuchanganya na dawa ya kuukinga, akautia kwenye vichupa, akaupoza digrii moja kila dakika, ndipo akauzamisha kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika. Wenye haraka huwaambia, "Taratibu, jamani. Hata wewe ukitumbukizwa humo ghafla utapasuka." Huvaa sweta hata msimu wa joto, na kichupa kikiamka baada ya miaka hukisalimia, "Umelalaje?" Kwa mikono yake, aina mia nne na kumi za mwani zingali hai.

Zingekuwa mia nne na kumi na moja. Miaka tisa iliyopita nilirudi kazini siku ya nne baada ya kumzika mume wangu. Mzee Baridi aliniambia, "Dada, rudi nyumbani." Nikakataa, nyumba ilikuwa kimya mno. Nikapewa kuyeyusha vichupa sita, vya mwisho vya mwani wa bwawa lililokwisha kufukiwa. Mwani uliotoka kwenye baridi hukaa gizani siku nzima. Ukipata mwanga mapema, hufa. Nilijua. Lakini nilipovitazama vimelala kwenye boksi jeusi, sikuweza kufunga mfuniko. Nikavipanga dirishani. Kesho yake vyote vilikuwa vimepauka.

Mkurugenzi aliuliza ni nani aliyeviharibu. Mzee Baridi akasema, "Ni mimi, bosi. Uzee huo." Akapewa barua ya onyo, na ukuu wa kitengo, ambao sote tulijua ungekuwa wake, akapewa mwingine. Aliponikuta nalia koridoni alisema tu, "Kanywe chai, dada." Hakunikumbusha hata siku moja. Nami kwa miaka tisa nilimwamkia kila asubuhi, nikanyamaza. Naona aibu kuyaandika haya, na aibu zaidi kwamba nimengoja hadi anaondoka.

Jumatatu nilimpelekea mkurugenzi maelezo yangu kwa maandishi, nikaomba barua ile iondolewe kwenye faili kabla ya sherehe ya kumuaga. Mzee Baridi hajui. Atasoma hapa pamoja nanyi, na najua atanigombeza.

Mzee wetu, asante kwa kazi, na kwa kunibebea. Tunakuombea afya na siku nyingi za utulivu, wewe na mama nyumbani. Ondoka na jina lako safi. Kosa lile ni langu.