Drocella Nyirabagenzi, Mkunga wa Buhunge, 1951–1999

Padri, wazee wetu, ndugu mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka Goma, majirani wa mlima wa Buhunge, jamaa tuliokaa pamoja miaka mingi kule Mwesi, na wewe pia konseye Jack Sano, kiongozi wa sekta yetu, uliyekwenda kukaa mstari wa mbele bila mtu wa familia kukuonyesha kiti, mimi ni Jado Rutagengwa, mdogo wake marehemu, na nimepewa kazi ya kusoma maisha yake. Umutoni, binti yake mkubwa, ameyasoma kwa Kinyarwanda kanisani, na mimi nasoma kwa Kiswahili ili wote mliotoka mbali msikie. Juzi nilishauriwa na mtu aliyetumwa kwangu kwamba historia iwe fupi, ukurasa mmoja tu, nami nikamjibu kwamba dada yangu aliishi miaka arobaini na minane, haitoshi kwenye ukurasa mmoja.

Marehemu Drocella Nyirabagenzi alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mlimani Buhunge, Nyamyumba, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Rutagengwa, aliyekuwa mvuvi na mkulima, na wa mama yetu Thérèse, wote marehemu. Mwaka 1960, akiwa na miaka tisa, aliondoka hapa na wazazi wetu kwa mtumbwi, usiku mmoja ambao mama hakupenda kuusimulia, tukafikia kwa shangazi yetu Goma, tukaishi huko miaka minne, hadi mwaka 1964 tulipofukuzwa na huko pia, tukapandishwa ndege mpaka Tabora, kisha malori mpaka makazi ya wakimbizi ya Mwesi, wilaya ya Mpanda, Tanzania, mahali ambapo palikuwa na miti na ndorobo na hapakuwa na kitu kingine.

Masomo ya msingi aliyaanza Mwesi mwaka 1965, akiwa mkubwa kuliko wenzake wote darasani, akamaliza darasa la saba mwaka 1971. Shule ile haikujengwa na mtu aliyekuja na gari, ilijengwa na baba zetu kwa udongo walioukanyaga kwa miguu, na Drocella alikuwa kati ya wasichana waliochota maji ya kukanyagia, jambo ninaloliweka hapa ili wale waliosema kwamba fikra zake za watu kujijengea wenyewe alizitoa kwenye semina wajue zilitoka wapi. Mwaka 1972 hadi 1974 alijifunza uuguzi na ukunga katika hospitali moja ya misheni, na tangu Januari 1975 alifanya kazi katika zahanati ya Mwesi, miaka ishirini na moja kamili, ambamo watoto wengi waliozaliwa makazini walipokelewa kwa mikono yake, na baadhi yao wamesimama hapa leo na masharubu.

Tarehe 21 Agosti 1976 alifunga ndoa na Fulgence Kalisa, seremala, mtu mpole, aliyefariki mwaka 1989 kwa homa ya manjano. Mungu aliwajalia watoto wanne, Umutoni aliyezaliwa 1977, Hirwa aliyezaliwa 1980, Cyuzuzo aliyezaliwa 1984, na mmoja wa kiume aliyezaliwa na kufa siku hiyo hiyo, tarehe 3 Februari 1979, barabarani, nyuma ya lori lililokwama tope kati ya Mwesi na Mpanda. Huyo hakuwahi kupewa jina, lakini dada alimhesabu kila alipoulizwa ana watoto wangapi, na mimi namhesabu.

Alirudi Rwanda tarehe 19 Januari 1996, akakaa Nengo, mjini Gisenyi, kwa ndugu miezi mitatu, kisha akapanda Buhunge kwenye kipande kidogo cha shamba la baba, na hapa sitawadanganya mbele ya mwili wake, majirani, hamkumpokea. Mlimwita Mutanzania, mlisema amekuja kudai mashamba, wengine mlipitisha mbuzi kwenye mihogo yake, na alipowasalimu kisimani mlikuwa mkiinua ndoo na kuondoka. Mimi nilikuwa nimetangulia kurudi, nilikuwa tayari karani katika ofisi ya sekta, nikamwambia ashuke mjini, atapata kazi, akanijibu kwamba mjini kuna wakunga.

Siku iliyobadilisha mambo ni Jumapili tarehe 28 Julai 1996. Xavérine, mke wa kijana mmoja wa Buhunge, alishikwa na uchungu tangu Ijumaa, wanaume wakambeba kwenye machela ya kienyeji, ile tunayoiita ingobyi, kuteremka kuelekea hospitali mjini, mwendo wa saa tatu kwa mtu mzima mwenye afya, na dada akawakuta njiani wamemweka chini. Alipiga magoti kwenye majani, akafanya alichoweza kwa mikono mitupu, na Xavérine akafia pale, na mtoto wake ndani. Dada hakurudi nyumbani, alitembea na mwili hadi kwa mama mkwe wa Xavérine, mama Murekatete, akakaa naye siku zote za matanga, akiosha vyombo, na watu wakamwona.

Mwezi Septemba aliita mkutano, wakaja watu kumi na mmoja. Mzee mmoja, ambaye yupo hapa na anajijua, alimwambia mbele ya wote, «We Mutanzania umekuja juzi, sasa utatufundisha sisi namna ya kuishi?» Dada akajibu, «Mzee wangu, sikuja kufundisha. Nauliza, nyinyi mnataka nini?» Kama alivyoniambia baadaye, lilikuwa swali ambalo hawakuwahi kuulizwa na mtu yeyote mwenye karatasi mkononi. Ndipo mama Murekatete akasimama akasema, «Xavérine alikufa mu njia. Mi nataka nyumba ya kuzalia, hapa, juu. Hakuna ingine.» Akakaa, na mkutano ukawa umekwisha, kwa kuwa hakuna aliyeweza kusema kinyume.

Februari 1997 mradi wa maendeleo wa wageni kutoka ng'ambo ulifika Buhunge, na mkubwa wa mradi sitamtaja jina, kwa kuwa naye hakutuuliza letu, akatandika juu ya meza mchoro wa ukumbi wa mafunzo, wenye viti mia moja na ubao. Watu wakasema tunataka nyumba ya uzazi, mkalimani akamwambia bwana yule, bwana yule akatikisa kichwa, mkalimani akatugeukia akasema, «Bon, hiyo haiko mu programme.» Dada akauliza programu hiyo iliandikwa wapi, akaambiwa mji ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuuona, akasema basi ukumbi huo wakaujenge huko huko. Konseye Sano alikuwepo, alicheka na wageni, na alipowasindikiza kwenye gari aliwaambia, nami nilikuwa nimebeba mkoba wake nikasikia, «Musijali, huyu mama atachoka.»

Hakuchoka. Tarehe 17 Mei 1997 watu wa Buhunge walianza kujenga wenyewe, wanaume wakipasua mawe, wanawake wakiyapandisha kichwani, wavuvi wakitoa siku yao moja ya kila wiki, na binamu yetu Théogène kutoka Goma akaleta mabati kwa mtumbwi, akiyashikilia kwa tumbo lake upepo usiyachukue. Oktoba mwaka huo vita vya waasi vilisimamisha kila kitu, watu wakalala mjini, kuta zikabaki usawa wa madirisha karibu mwaka mzima, na dada kila palipokuwa na utulivu alipanda peke yake kung'oa majani yaliyoota ndani. Agosti 1998 walianza tena, na Jumamosi tarehe 6 Machi 1999 nyumba ilikamilika, vyumba viwili, dirisha linalotazama ziwa, vitanda vinne vilivyopigwa randa na Hirwa, mwanawe, aliyerithi kazi ya baba yake. Padri aliibariki. Mzee yule wa Mutanzania alileta jogoo.

Yanayofuata ndiyo niliyoshauriwa kuyaacha.

Ijumaa tarehe 23 Aprili 1999 konseye aliniita ofisini, akaniambia niandike, nikaandika. Barua ilisema kwamba jengo lililopo Buhunge litatumika kama ofisi, na vitanda viondolewe kabla ya Jumatatu. Nilimuuliza, kwa sauti ndogo ya mtu anayeogopa kupoteza kazi yake, kama watu wa mlimani wameulizwa, akasema, «Jado, nyumba muzuri namna ile haiwezi kulala bure ikingoja mwanamuke azae. Serikali iko na haja ya ofisi.» Serikali haikuwa imesema kitu, konseye, nilitafuta karatasi hiyo baadaye katika mafaili yote na haipo, ni wewe uliyekuwa na haja ya dirisha linalotazama ziwa. Jumatatu vitanda vilitolewa nje, mvua ikavinyeshea, na juu ya mlango likapigiliwa bango linalosema jengo limejengwa kwa msaada wa mradi, mradi ule ule, ambao haukuleta hata msumari. Barua ile iliandikwa kwa mkono wangu, na nataka watoto wa marehemu walisikie jambo hilo kutoka kinywani mwangu kabla hawajalisikia kwingine.

Dada hakupiga kelele. Aliandika kwa wakubwa mara nne, hakujibiwa, akaendelea kuzalisha majumbani mwa watu. Kisha ikaja Jumapili tarehe 11 Julai 1999. Kabatesi, binti wa hapa hapa Buhunge, akiwa na uchungu wa kuzaa alianza kutoka damu, wakamkimbiza hadi mlango wa nyumba ile, kwa kuwa dawa za dada za kuzuia damu zilikuwa bado kwenye kabati la ndani ambalo konseye alikataa liondolewe, akisema ni mali ya ofisi. Mlango ulikuwa umefungwa. Wakamtuma mtu kwangu. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, ndugu zangu, mfuko huu wa kulia, na mimi nikasema, «Ngojeni nimtafute konseye aniruhusu,» nikateremka hadi kwenye maduka ya chini ya mlima nikamtafuta kwenye baa mbili, nikamkosa, nikapanda tena.

Nilipofika Kabatesi alikuwa amelala kwenye nyasi chini ya bango, hai, kwa sababu dada alikuwa amekandamiza tumbo lake kwa ngumi zake mpaka mikono ikafa ganzi, lakini mtoto, msichana, alikuwa amefunikwa kitenge. Nikatoa ufunguo. Dada akautazama mkononi mwangu, akaniuliza, «Jado, ulikuwa unatafuta ruhusa ya nani?» Hakunigombeza tena, aliendelea kunipikia nilipopita kwake, na hilo lilikuwa gumu kuliko matusi.

Kuhusu ugonjwa wake, presha ilimwanza mwaka 1992 akiwa Mwesi, akawa anatumia dawa, na tangu Julai hakuwa akilala vizuri. Tarehe 2 Septemba 1999 alianguka shambani, upande wake wa kulia ukapooza na maneno yakampotea, tukambeba kwenye ingobyi kwa njia ile ile ndefu mpaka hospitali ya Gisenyi, ambapo aliuguzwa wiki tano, na Jumamosi tarehe 9 Oktoba, saa kumi jioni, alifariki, Cyuzuzo akiwa amemshika mkono. Sisemi kwamba kuna mtu aliyemuua. Daktari aliandika presha, nami nimesoma presha. Konseye, umeleta shada la maua lenye utepe unaomwita mshirika mpendwa wa maendeleo, limewekwa kule nje karibu na ukuta, na familia inaomba ulichukue unapoondoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, tunamshukuru padri, tunawashukuru ndugu wa Goma waliolala kwenye foleni ya mpaka, na wakunga wenzake waliotoka mbali. Majirani wa Buhunge, nawashukuru nanyi, ingawa nilipoanza kuandika karatasi hii sikukusudia, maana mliobeba mwili wake leo ni wale wale mlioinua ndoo kisimani.

Ofisi ya sekta siwezi kuishukuru, kwa sababu ndugu yake wa damu aliyekuwa ofisini ni mimi, na mimi si karani tena tangu jana Jumatatu asubuhi.

Kuna tangazo moja. Jumapili, matangani, wakuu wa nyumba zote za Buhunge walikaa, wakanong'onezana kidogo, wakapiga kura kwa kuinua mikono, na hakuna mkono uliobaki chini. Ndiyo maana mama Murekatete, Kabatesi na wanawake wengine wawili hawapo hapa msibani, msiwalaumu, wako kule juu tangu alfajiri wanasugua sakafu ya nyumba ya kuzalia kwa sabuni na maji moto. Konseye, usipande kwenda kutafuta meza yako. Wanaume sita wameibeba kwa heshima mpaka nyumbani kwako, wameiweka barazani, muhuri umo ndani ya saraka, kalamu zako zote zipo, na mkeo ametia sahihi kwamba ameipokea. Ukiwa na neno la kusema, Buhunge inakutana Jumamosi saa tatu. Utakaa pale utakapoonyeshwa, na utaongea zamu yako ikifika.

Dada Drocella, ulituuliza tunataka nini, tumechelewa kukujibu. Lala, mama wa watoto wanne. Pumzika kwa amani, amani ya hapa tulipobaki tutaitafuta wenyewe.