Sista Norah Jale na Figo Iliyokosekana

Sista Norah Jale anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika hospitali yetu hapa Arua. Wenzangu wameandaa keki. Mimi sijatulia tangu barua yake ibandikwe ukutani.

Alianza kama mkunga kwao Koboko, akaenda kusomea altrasaundi, akarudi na tabia moja iliyotukera wote: akipima kizazi, lazima apande hadi kwenye figo. Foleni imefika getini, yeye anatafuta figo! Tulimtania kwamba siku moja atapima na kisigino. Naye, binti wa mwanajeshi, alitujibu kwa Kiswahili cha kambini kwamba kizazi na figo iko ndugu, moja ikikosa, uliza ingine.

Miaka sita iliyopita aliletwa msichana wa miaka kumi na minne kutoka Abuku. Kila mwezi alijikunja kwa maumivu, na tumbo lilikuwa limevimba upande wa kulia. Majirani walinong'ona kuwa ni mimba. Mama yake, Bi. Night Poni, alikuwa amechoka kuapa. Kwa kuwa msichana alipata hedhi, daktari wake alisema njia ya uzazi haijaziba. Akaandika: uvimbe, upasuaji kesho, kizazi kitolewe ikibidi.

Sista Norah aliombwa kuthibitisha tu. Akapanda kwenye figo. Ya kulia haikuwepo. Akamgeuza mtoto, akatafuta tena, wapi! Akashuka polepole, akaona vizazi viwili, kila kimoja na njia yake, na njia ya kulia imezibwa na utando tangu kuzaliwa. Damu ya miezi yote ilikuwa imekwama humo, huku ya kushoto ikitoka na kumdanganya daktari. Basi alisimama mlangoni pa chumba cha upasuaji, mikono kiunoni, hadi fomu ikaandikwa upya. Utando ukakatwa, maumivu yakaisha, na msichana akabaki na vizazi vyake vyote.

Daktari yule ni mimi. Sista Norah hajamwambia mtu, hata siku alizonikasirikia. Leo, tunapomuaga, Bi. Night Poni yuko humu ukumbini, na najua atataka kunishika mkono. Mama, usinishukuru. Kalamu yangu nusura imnyime mwanao uzazi. Naomba unisamehe.

Asante, Sista. Tunakuombea afya, shamba lenye mvua na usingizi wa mchana. Ila nakusihi, simu usiizime.

Dkt. Constantino Adrabo