Historia ya Fundi Bado, Mwandaaji wa Rimu

Ndugu waombolezaji, familia imempa mdogo wa marehemu, ndiye huyu anayewasomea, kazi ya kusoma historia hii, na imemwomba aisome kwa utulivu, naye atajaribu, ila msimtegemee sana.

Kaka yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Fundi Bado, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1969, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa marehemu baba yetu, fundi cherehani, na mama yetu, ambaye yupo hapa mbele, na ambaye anasema hata kuzaliwa alichelewa wiki mbili. Alianza shule ya msingi Januari 1977 akamaliza Novemba 1984, mwaka mmoja baada ya wenzake, kwa kuwa darasa la tano alilirudia, si kwa kutojua majibu, bali kwa kuyafuta na kuyaandika upya mpaka karatasi ikatoboka na kengele ikalia.

Kuanzia 1985 hadi 1987 alisomea uchomeleaji, akafanya kazi katika gereji ya malori, na tarehe 1 Februari 1994 akaajiriwa na karakana ya rangi ya unga, ile inayopulizwa ikiwa kavu kisha ikachomwa kwenye tanuri, akapewa kazi ya kuandaa rimu za pikipiki, nayo hakuiacha kwa miaka thelathini. Kazi yenyewe ni kutoa tairi, valvu na beringi, kuosha grisi, kupiga mchanga kwa upepo wa kompresa hadi rangi ya zamani iishe, kuichoma rimu ikiwa tupu ili iteme mafuta yaliyojificha ndani yake, halafu kuziba kila tundu na kila mahali pa kukaa beringi, rangi isiingie isikotakiwa. Wengine humaliza kwa siku moja. Marehemu aliona kidoa, akairudisha rimu mwanzo, akaona kingine, akairudisha tena, na mwenye pikipiki akija kuuliza alijibiwa neno moja tu, bado, mpaka likawa jina lake. Rimu zake hazikubambuka rangi, hilo tunalikubali, lakini jamani, alituchosha.

Tarehe 12 Desemba 1998, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa, bibi harusi akiwa amemsubiri saa mbili nzima, kwa sababu asubuhi hiyo rimu moja ilikuwa ingali inatoa mafuta. Walijaliwa mabinti wawili, mkubwa, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2000, ni mwalimu, na mdogo, aliyezaliwa tarehe 21 Oktoba 2004, ni fundi umeme wa magari.

Kikohozi kilimwanza Machi 2016, na hapa ndipo familia inaposhikwa na hasira, kwani mtu aliyeziba kila tundu la rimu hakutaka kuziba pua yake, akidai barakoa inatia ukungu kwenye miwani na vidoa havionekani. Mkewe alimbembeleza, akamnunia, akamtuma mama, akamtuma msomaji huyu, wote wakatoka kapa. Mwishowe mkewe akawa anamtilia barakoa mpya kwenye mfuko wa chakula kila Jumatatu, kwa miaka saba, na kila alipomuuliza kama zinafaa, marehemu alijibu kwamba zinafanya kazi nzuri mno, asiache kumpa, basi shemeji yetu akatulia moyo.

Tarehe 18 Septemba 2023 picha ya kifua ilionyesha mapafu yaliyoharibiwa na vumbi. Daktari alimuuliza kama huvaa barakoa kazini, marehemu akaangalia dirishani. Shemeji yetu akaamini alikuwa amenunua barakoa hafifu, akajilaumu miezi yote aliyomuuguza, na marehemu alimwona akijilaumu, wala hakusema kitu, akaendelea kwenda kazini kinyume na amri ya daktari hadi tarehe 10 Mei mwaka huu. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na mkewe.

Alhamisi shemeji yetu na msomaji huyu walikwenda karakana kuchukua vitu vyake, wakakuta rimu sita safi zimening'inia zikisubiri rangi, wenzake hawakuthubutu kuzigusa, na kila moja imefungwa barakoa katikati, upande huu na upande ule, kamba zimekazwa sawasawa, vumbi lisiingie panapokaa beringi. Shemeji alizitambua barakoa zote, ndizo zile alizomnunulia. Alisema mbele ya mafundi kwamba mume huyu afufuke mara moja tu, amnyonge kwa mikono yake, kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia sana, na tangu saa ile hajajilaumu tena.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliomvumilia mgonjwa aliyenyoosha shuka zao kila alipoamka, majirani mliopika na kukesha nasi, na mafundi wenzake, ambao jana walizimalizia zile rimu sita, kila mmoja akiwa amevaa barakoa, kwa kuwa mjane alisimama mlangoni akiwakagua.

Umetukera, kaka, na tulikupenda hivyo hivyo. Pumzika kwa amani, na huko uendako ukikuta vumbi, tafadhali, jifunge wewe kwanza.